Mrudishieni mdogo wangu sahihi yake: barua ya wazi kwa mnaotunga na kusimamia sheria

Waheshimiwa wabunge, mawaziri wa sheria na wa afya, majaji na mahakimu, wakuu wa polisi, nanyi mnaoongoza hospitali za magonjwa ya akili,

Nawasalimu kwa heshima.

Shauri la mdogo wangu lilichukua dakika tisa. Najua kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa cha karani na mimi sikuwa na pengine pa kutazama. Hakimu alisoma taarifa ya daktari, ukurasa mmoja wenye muhuri, akauliza kama kuna mwenye pingamizi, kisha akatamka kwamba mdogo wangu hana akili timamu na kwamba tangu siku hiyo mambo yake yote yatakuwa chini ya msimamizi. Msimamizi mwenyewe nilikuwa mimi. Mdogo wangu alikuwa ameketi ubavuni pangu, amevaa shati alilolipiga pasi kwa mkono wake asubuhi ile. Hakuna aliyemuuliza hata jina.

Shauri lile nililifungua mimi, tena kwa nia njema. Benki ilikuwa imekataa kumpa fedha zake kwa sababu sahihi yake ilikuwa imebadilika. Dawa alizokuwa akitumia wakati ule zilimfanya atetemeke mikono. Mhudumu wa dirishani aliilinganisha sahihi na ile ya zamani mara tatu, akanirudishia fomu mimi, si yeye, akasema: "Nendeni mahakamani mkalete amri." Tukaenda. Tulikwenda kutafuta njia ya mkono unaotetemeka, tukarudi na karatasi iliyomtoa mtu wa miaka 31 katika hesabu ya watu wazima.

Kwa karatasi ile hawezi kufungua akaunti, kupanga chumba, kuoa, kukubali wala kukataa matibabu. Kura nayo ilikwenda. Hilo tuliligundua siku ya uchaguzi, kwenye foleni, mbele za watu. Na hawezi kwenda mahakamani kuipinga amri yenyewe, maana sheria inasema wa kufungua shauri kwa niaba yake ni msimamizi wake. Kwa hiyo nikiamua kumdhulumu, wa kunishtaki ni mimi. Sasa ni mwaka wa sita. Dawa zilibadilishwa, mikono ikatulia, akapata kazi na anaifanya vizuri. Mshahara wake unaingia kwa jina langu. Katika miaka hiyo yote hakuna ofisi yoyote iliyowahi kuuliza kama ile taarifa ya ukurasa mmoja bado ni kweli.

Tangu wakati huo nimekuwa msaidizi wa kisheria wa kujitolea, na nimekaa kwenye mabenchi mengi ya nyuma. Ninachowaandikia leo ni jambo moja, mengine yote yanatoka ndani yake. Sheria zenu zinauliza swali lisilo sahihi. Zinauliza: huyu ana akili timamu au hana? Zingepaswa kuuliza: huyu anahitaji msaada gani ili uamuzi uwe wake?

Neno lenyewe, timamu, maana yake ni kitu kilichotimia, kisichopungua. Nani kati yetu yuko hivyo kila siku na kwa kila jambo? Mama mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza asijue leo ni siku gani, lakini anajua vizuri kabisa ni nani kati ya wanawe asiyemwamini na funguo. Kijana mwenye ulemavu wa akili anaweza kushindwa kukokotoa riba ya mkopo, lakini ukimuuliza kama anataka kuishi katika kituo alichopelekwa atakujibu kwa neno moja, na neno hilo ni la kweli kuliko taarifa nzima ya mtaalamu. Mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, anaweza kuzidiwa kwa wiki tatu akakaa miezi kumi yuko sawa. Mtu aliyepata kiharusi anaweza kupoteza maneno na asipoteze anachokitaka. Sheria inayotazama watu wote hawa na kuona mlango mmoja tu, ama uko wazi ama umefungwa, haijawahi kukaa nao.

Wala sizungumzii kikundi kidogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 970, yaani mtu 1 katika kila 8, walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili, na wenye ugonjwa wa kusahau wanazidi milioni 55. Shirika hilohilo limeonyesha kwamba fedha ambazo serikali nyingi hutenga kwa afya ya akili ni kama asilimia 2 tu ya bajeti ya afya. Mnapopitisha sheria hizi mnawatungia pia wazazi wenu, na ninyi wenyewe mkizeeka.

Wengi wenu tayari mmeahidi kubadilika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na ukaanza kutumika mwaka 2008. Umeridhiwa na zaidi ya nchi 180. Ibara yake ya 12 inasema watu wenye ulemavu, wakiwemo wenye ulemavu wa akili na wa afya ya akili, wana uwezo wa kisheria sawa na watu wengine katika nyanja zote za maisha, na kwamba nchi ina wajibu wa kuwapa msaada wanaouhitaji kuutumia uwezo huo. Mwaka 2014 Kamati inayosimamia mkataba huo ikaeleza bila kuficha: mfumo wa mtu mmoja kuamua badala ya mwingine uondolewe, na mahali pake uwekwe mfumo wa kusaidia mtu aamue mwenyewe. Pale ambapo imejaribiwa kila njia na bado haijulikani mtu anataka nini, kipimo kisiwe tena "lililo jema kwake" kwa macho yetu, kiwe tafsiri iliyo karibu zaidi na alivyokuwa akipenda na kutaka maishani mwake. Nakiri kwamba kipimo hiki ni kigumu. Kinamlazimisha anayesaidia kumjua mtu. Usimamizi haukulazimishi hivyo, na nadhani ndiyo maana ofisi nyingi zinaupenda.

Bulgaria kulikuwa na mtu aitwaye Rusi Stanev. Mwaka 2002 alichukuliwa akapelekwa katika makazi ya watu wenye matatizo ya akili karibu na kijiji cha Pastra, mbali na kwao. Aliyekubali kwa niaba yake ni msimamizi wake wa kisheria, ofisa ambaye hakuwa amemuuliza lolote. Alikaa huko miaka, nguo zinafuliwa na kugawanywa ovyo kati ya wakazi, vyoo ni vya kutisha, na kila alipotaka kuipinga hali yake alikuta mlango umefungwa kwa sababu hakuwa na sifa ya kushtaki. Mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema amenyimwa uhuru wake kinyume cha haki, amewekwa katika hali ya kudhalilisha, na amenyimwa njia ya kufika mahakamani. Nilipoisoma hukumu ile nilisimama pale kwenye msimamizi. Mimi ninampenda mdogo wangu na tunaonana kila siku, lakini kalamu yangu ina nguvu ileile iliyokuwa nayo kalamu ya yule ofisa. Usalama wake umewekwa kwenye upendo wangu peke yake, na upendo si kinga ya kisheria.

Kuhusu majina mnayoyaacha ndani ya vitabu vya sheria, sitakaa sana, ila someni uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 2003 dhidi ya Gambia, katika shauri la Purohit na Moore. Sheria iliyolalamikiwa ilikuwa ya mwaka 1917. Tume ilisema kuwaita watu "wendawazimu" na "punguani" ndani ya sheria ya nchi kunawavua utu wao. Ikakuta pia kwamba hapakuwa na njia ya kukata rufaa dhidi ya kuzuiliwa, wala msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo wa kulipa wakili, na wagonjwa hawakuruhusiwa kupiga kura. Kama sheria ya nchi yako bado inatumia maneno ya namna hiyo, huhitaji bajeti kuyafuta.

Kwenye jinai ndiko watu wanakopotea kabisa. Mtu anakamatwa kwa kosa dogo, mahakama inasema haelewi mashtaka kwa hiyo hawezi kujitetea, kisha anapelekwa kuzuiliwa "mpaka atakapokuwa sawa". Kama ulemavu wake ni wa maisha, siku hiyo haitafika. Marekani walilikuta hili mapema. Theon Jackson alikuwa kiziwi, asiyesema wala kujua kusoma, mwenye ulemavu wa akili, aliyeshtakiwa Indiana mwaka 1968 kwa kupora vitu na fedha vya thamani ya dola 9 kwa jumla. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtu hawezi kufungiwa bila kikomo kwa sababu tu hawezi kushtakiwa. Ama aachiwe, ama serikali ifuate taratibu zinazotumika kwa mtu mwingine yeyote. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado kuna watu wanaozuiliwa miaka mingi kuliko kifungo ambacho wangepewa kama wangekutwa na hatia. Waheshimiwa majaji, hili mnaweza kulianza bila kusubiri bunge. Agizeni orodha. Kila kituo kiseme kina watu wangapi waliozuiliwa kwa sababu ya akili, tangu lini, kwa kosa gani, na mara ya mwisho jalada lao lilifunguliwa lini. Nina hakika majaji wenyewe watashtuka.

Polisi nao niwaambie nilichokiona. Niliitwa usiku kituoni kumsaidia kijana mmoja mwenye ulemavu wa akili. Alikuwa ameshaandika maelezo, kurasa mbili, lugha safi ya kipolisi ambayo hata mimi siiongei, na chini kuna dole gumba. Nilimuuliza kama ameelezwa kuhusu dhamana. Akasema ndiyo. Dhamana ni nini? Akafikiri, akasema: "Ni kitu cha thamani." Ofisa mmoja akacheka. Nikamwambia kijana kwamba dhamana ni ruhusa ya kwenda nyumbani leo kwa ahadi kwamba utarudi siku utakayoambiwa. Akatulia kidogo, kisha akauliza: "Nikirudi, nitalala hapa tena?" Hilo ndilo swali ambalo wakili mzuri angeuliza. Alikuwa na uwezo wa kuelewa muda wote. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwa maneno yanayoingia.

Watu wengi wenye ulemavu wa namna hii wamefundishwa tangu utoto kusema ndiyo. Ndiyo humaliza kugombezwa. Ukimuuliza mshukiwa kama huyo, "Ni wewe uliyeichukua, sivyo?" atakubali, na ukimuuliza dakika tano baadaye kinyume chake atakubali tena. Maelezo yaliyopatikana hivyo hayamsaidii hata mlalamikaji, kwa sababu mwizi halisi bado yuko nje. Uingereza iliweka tangu sheria yake ya polisi ya mwaka 1984 utaratibu kwamba mshukiwa wa aina hii asihojiwe bila mtu mzima wa kumsaidia, asiye polisi, anayehakikisha kwamba anaelewa na anaeleweka. Umoja wa Mataifa nao ulitoa mwaka 2020 kanuni za upatikanaji wa haki kwa watu wenye ulemavu, na ndani yake wamo wapatanishi wa mawasiliano mahakamani, watu wanaosaidia swali lieleweke na jibu lisikike. Kwa vitendo ni mambo madogo sana: sentensi fupi, swali moja kwa wakati mmoja, mapumziko, chumba kisicho na kelele, na mtu aambiwe arudie kwa maneno yake alichoelewa. Kutikisa kichwa kusihesabiwe kuwa ni jibu.

Na wakili. Jamani, wakili. Katika mashauri ya kumtangaza mtu hana akili timamu, mara nyingi mwombaji ana wakili, daktari ana taarifa, na yule anayeondolewa haki zake hana mtu. Mwizi wa kuku anaulizwa kama anakubali kosa. Sheria ya India ya huduma za afya ya akili ya mwaka 2017 inampa mtu mwenye ugonjwa wa akili haki ya msaada wa kisheria bila malipo ili kutumia haki alizopewa na sheria hiyo. Hiyo ndiyo hatua ya chini kabisa ninayoiona. Mtu asiondolewe haki hata moja katika shauri ambalo hana wa kumtetea na yeye mwenyewe hajasikilizwa.

Najua mtauliza kuhusu siku anapozidiwa. Mmeuliza vizuri, na mimi nimekuwepo siku hizo. Saa nane za usiku nimesaini fomu ya kumlaza kwa nguvu, kisanduku cha sababu kikiwa tupu, nikaambiwa kitajazwa asubuhi. Nimesimama nje ya mlango nikisikia akiniita wakati wanamfunga. Sikuwa na njia nyingine usiku ule, au sikuoneshwa. Alipopata nafuu tulikaa mezani akaniandikia ukurasa mmoja kwa mkono wake: dawa ipi inamtetemesha na asipewe, nani apigiwe simu kwanza, taa isizimwe, asifungwe mkono wa kushoto kwa sababu uliwahi kuvunjika, na kwamba akisema hataki kuniona mimi kwa siku mbili za mwanzo aachwe asinione. Hilo la mwisho liliniuma, na nililiacha lilivyo. Alipozidiwa tena niliipeleka karatasi hospitalini. Ilipokelewa kwa adabu, ikatobolewa, ikawekwa kwenye jalada. Wakamfunga mkono wa kushoto.

Karatasi kama ile inaitwa maelekezo ya awali, na sheria hiyohiyo ya India inaitambua: mtu mzima anaweza kuandika jinsi anavyotaka na asivyotaka kutibiwa, na kumteua atakayesimama naye. Hospitali inapaswa kuifuata, na asiyekubaliana nayo apeleke hoja mbele ya bodi. Naomba karatasi za namna hiyo zipewe nguvu kila mahali. Hazigharimu dawa wala jengo. Zinataka mtu aulizwe siku ambayo yuko vizuri ili siku mbaya isimkute hana sauti.

Mtauliza pia kuhusu matapeli. Wapo. Wajanja wanaomsainisha bibi nyumba, ndugu wanaokula pensheni ya mzee. Lakini usimamizi haujawazuia. Mara nyingi umewapa muhuri. Kinachozuia ni macho zaidi ya mawili: msaidizi aliyechaguliwa na mhusika mwenyewe, mtu wa pili wa kumwangalia msaidizi, hesabu zinazokaguliwa, muda wenye mwisho, na mlango wa kulalamika ambao mhusika anaweza kuufungua peke yake. Jimbo la British Columbia, Canada, lilipitisha sheria mwaka 1996 inayomruhusu mtu kumteua wa kumsaidia hata kama hawezi kufunga mkataba wa kawaida, na miongoni mwa mambo yanayotazamwa ni kama kuna uhusiano wa kuaminiana kati yao. Sweden ina maofisa wanaomfanyia kazi mhusika peke yake. Hawamripoti kwa familia wala kwa kliniki, wanafuata anachokitaka yeye. Peru iliondoa mwaka 2018 utaratibu wa kuwavua watu wazima uwezo wa kisheria kwa sababu ya ulemavu, ikaweka misaada na kinga, na Colombia ikafuata mwaka 2019. Sisemi nchi hizo zimemaliza kazi. Ila hakuna anayeweza kusimama bungeni tena na kusema haiwezekani.

Kuna jambo nimelichelewesha kwa sababu linanitia uchungu kuliko yote. Shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilipotoa ripoti mwaka 2020 lilikuwa na ushahidi kutoka nchi zipatazo 60 za watu waliofungwa minyororo au kufungiwa ndani kwa sababu ya hali ya akili zao. Nimekutana na familia za namna hiyo. Si watu wakatili. Ni watu waliochoka, walioambiwa hakuna kitanda, hakuna dawa, hakuna mtu wa kuja, waliomfunga mtoto wao asikimbilie barabarani. Kupiga marufuku mnyororo ni lazima, na adhabu iwepo. Lakini mkiukata mnyororo na muuguzi asifike nyumbani wiki inayofuata, mtakuwa mmewaachia familia hofu ileile na kosa jipya la jinai juu yake. Sheria na huduma ziandikwe katika waraka mmoja, na fedha zake zionekane kwenye bajeti ya mwaka huohuo.

Mdogo wangu ameisoma barua hii kabla sijaituma. Amefuta neno "mgonjwa" mahali pawili nilipokuwa nimeliandika bila kufikiri. Amesahihisha umri wake. Nilikosea mwaka mmoja. Lile la shati nilitaka kuliondoa, nikaona ni jambo dogo mno, akasema libaki, kwa sababu alikuwa ameamka saa kumi alfajiri kulipiga pasi akidhani hakimu atamwita asimame.

Amri ile bado iko kwenye masijala. Ili ifutwe, ombi lazima liwasilishwe nami, na nimeliwasilisha. Tunachoomba siku ya kusikilizwa ni kwamba aitwe yeye, asimame, aulizwe yeye.

Wenu katika kutafuta haki,

Dada yake, msimamizi wake kwa amri ya mahakama

Nami mwenyewe, ninayesaini hapa ingawa sahihi yangu bado haikubaliki